Mganda na Jukwaa: Mjadala wa Ufukwe wa Nyasa

Hoja yangu ni kwamba mwanafunzi wa Tingi, Mbamba Bay, Liuli au Lituhi anayetaka kujua sanaa za maonyesho ni nini, zilitoka wapi na hufanywaje, aanzie kwenye mganda. Ugiriki atafika, London atafika, na kitabu cha tamthilia kilichopangwa kwa mtihani atakifungua. Lakini mlango wa kuingilia uko kwao, na haupitiwi kwa sababu wengi wetu tumezoeshwa kuuita burudani tu. Naitetea hoja hii mbele ya sauti nne zinazoipinga. Sina watu fulani akilini. Hizi ni pingamizi zinazosikika kila yanapozungumzwa mambo haya, shuleni, barazani na vijiweni, nami nimezipa vinywa ili zijieleze kwa nguvu zake zote.

Kwanza tuuangalie mganda wenyewe. Ni ngoma ya wanaume wa ukanda wa Ziwa Nyasa, upande wetu na upande wa Malawi, ambako ndugu yake wa karibu huitwa malipenga. Wachezaji hujipanga kwa safu za gwaride: kaptula nyeupe iliyopigwa pasi, shati jeupe, soksi ndefu zilizopandishwa hadi chini ya goti. Chombo chao ni kibuyu kilichotobolewa, na tundu moja huzibwa kwa utando mwembamba wa buibui. Mchezaji hakipulizi, huimba ndani yake, na ule utando ukitetemeka sauti hutoka ikikwaruza, nzito na kali, mfano wa tarumbeta za bendi ya jeshi. Ngoma kubwa hushika mapigo. Kiongozi akipuliza kipyenga, safu nzima hugeuka, hufupisha hatua, hushuka magoti, huganda, kisha huondoka tena kwa mguu mmoja. Humo ndani kuna vyeo: kapteni, sajenti, hata daktari na nesi. Na kijiji kimoja hualika kingine, wageni hulishwa, siku hiyo ikajulikana nani mkali zaidi.

Wa kwanza kunyoosha mkono ni mwalimu wa fasihi.

"Ndugu mwandishi, unachanganya mambo. Tamthilia ina msuko, ina wahusika wanaosemezana, ina mgogoro unaopanda hadi kileleni na kufumbuliwa. Mganda hauna kisa. Wanaume wamevaa vizuri, wanapiga hatua kwa pamoja, basi. Ukikiita maonyesho kila kinachofanywa mbele ya watu, hata gwaride la Sikukuu ya Uhuru nalo litakuwa tamthilia, na somo letu halitakuwa na mpaka."

Mwalimu, mfano wako wa gwaride naushika, maana ndio unaonionyesha mpaka ulipo. Sajenti anayeongoza gwaride uwanjani ni sajenti kweli. Kesho asubuhi atakuwa sajenti kambini, na ukimkosea heshima utawajibika. Kapteni wa mganda kesho asubuhi yuko kwenye mtumbwi akivuta nyavu, au yuko mlimani kwenye mikahawa yake. Ukapteni ameuvaa kwa muda, mahali palipotengwa, mbele ya watu wanaojua fika kwamba si kapteni na ambao, kwa kujua hivyo, wanapima jinsi anavyoubeba: mabega yake, shingo yake, namna anavyokagua safu pasipo kusema neno. Hapo pana mambo yote ambayo pasipo hayo hakuna sanaa za maonyesho. Pana mtu anayechukua nafasi ya mwingine, pana uwanja, pana muda wenye mwanzo na mwisho, na pana watazamaji walioridhia igizo hilo ilhali wanabaki na haki ya kulihukumu. Kisa ni nyongeza juu ya haya, nyongeza kubwa na ya thamani, lakini msingi uko tayari kabla yake.

Historia ya mahali unapopenda tuanzie, Mwalimu, inasema hivyo hivyo. Athens ya karne ya 5 kabla ya Kristo, tanzia zilionyeshwa katika tamasha la mungu Dionysus, na lilikuwa shindano. Watunzi watatu walipambana. Tajiri wa mji alibeba gharama za kuwafunza na kuwavika wachezaji. Waamuzi 10 walipatikana kwa kura ili wasihongwe mapema. Katikati ya yote palikuwa na kundi la waimbaji, korasi, lililoimba huku likicheza kwenye sakafu iliyokuwa chini ya ngazi za watazamaji. Aristotle, aliyeandika karne iliyofuata, anasema tanzia ilizaliwa na viongozi wa nyimbo za Dionysus. Mwigizaji wa pili aliongezwa na Aeschylus, wa tatu na Sophocles. Maana yake kisa kiliingia ndani ya ngoma taratibu, mtu mmoja mmoja, na ngoma, iliyokuwa mwenyeji, ndiyo iliyompa nafasi mgeni huyo. Maelezo ya kale yanaeleza pia kwamba korasi ya tanzia iliingia uwanjani kwa mistari iliyonyooka, watu 15 katika safu tatu za watu watano. Mwaka 1985 mtafiti wa Kimarekani John Winkler alitoa dai kwamba vijana wa korasi hiyo walikuwa wale wale waliokuwa katika mafunzo ya kijeshi, na kwamba hatua zao jukwaani zilitokana na kwata. Wataalamu wengine hawakumkubalia, na mjadala wao sina haja ya kuumaliza hapa. Ila mtoto wa Liuli aliyekulia kwenye mganda anaweza kuusoma mjadala huo na kuuelewa upesi kuliko mwanafunzi wa Oxford, kwa kuwa ameona kwa macho yake jinsi kwata inavyogeuka sanaa.

Ulitaja mgogoro. Nakubali kwamba ndani ya kundi moja la mganda hutaukuta. Lakini usiutafute ndani ya kundi, utafute baina ya makundi mawili. Kijiji mwenyeji kimemaliza, vumbi halijatulia, na wageni wanaingia kwa hatua ambayo wenyeji hawakuwahi kuiona. Umati unajua la kutazamia, na unaogopa. Nani ataongeza nini, nani atachoka mapema, nani atakosea kugeuka? Msisimko huo ndio ambao mwandishi wa tamthilia huutafuta kwa kupanga maonyesho na vitendo. Hapa hupangwa kwa mialiko na zamu. Na hata waandishi wetu wakubwa hawakuidharau ngoma. Ebrahim Hussein, alipotunga Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969, angeweza kuandika mazungumzo matupu juu ya Vita vya Majimaji. Badala yake alimleta mbele ya watu mtu aliyepagawa, akaacha mwili wake utangulie maneno yake. Hiyo ni kazi ya mtu aliyejua tamthilia ya Kiulaya vizuri, ambaye baadaye alikwenda hadi Chuo Kikuu cha Humboldt mjini Berlin kuandika tasnifu juu ya tamthilia ya Afrika Mashariki, na aliyejua kwamba mtazamaji wake amelelewa na uwanja wa ngoma.

Sauti ya pili ni ya mzee, na inauma zaidi.

"Mwanangu, nakusikiliza, lakini mganda ni kumuiga Mzungu. Vijana wetu walichukuliwa kubeba mizigo ya vita visivyo vyao, wengine hawakurudi. Waliorudi wakavaa mavazi ya wale waliowachukua, wakaandamana kwa amri zao. Hilo ndilo unataka liwe somo la kwanza la mjukuu wangu? Kwa nini usimfundishe lizombe ya Wangoni, ambayo haikuazima kaptula ya mtu?"

Shikamoo, mzee wangu. Vita unavyovitaja vilipiga hodi hapa hapa ufukweni mapema kuliko mahali pengi duniani. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo pale Liuli, iliyoitwa wakati huo Sphinxhafen. Baada ya hapo ikaja miaka minne ya askari wa Mjerumani, askari wa Keya wa Mwingereza na wapagazi, na pande mbili za ziwa zikajua amri za kijeshi kwa lugha mbili. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 juu ya beni, alionyesha jinsi mtindo ule wa gwaride na bendi, uliokuwapo tayari katika miji ya mwambao tangu miaka ya 1890, ulivyosafiri na askari na vibarua hadi bara. Mganda ni wa ukoo huo. Mchungaji A. M. Jones aliuandikia makala mwaka 1945, na J. Clyde Mitchell mwaka 1956, akiichambua ngoma ya kalela ya wachimba shaba wa Zambia ya leo, aliikuta familia hiyo hiyo migodini.

Kwa hiyo asili yake siifichi. Ninachokataa, mzee, ni kwamba kuiga ni kunyenyekea. Anayeiga kwa ustadi huchagua, na katika kuchagua anatoa hukumu. Bendi ya jeshi ilikuwa na tarumbeta za shaba ambazo mwanakijiji hakuwa na namna ya kuzipata; akachukua kibuyu cha shambani na utando wa buibui, akatoa sauti ile kwa pumzi na wimbo wake mwenyewe. Amri ya jeshi ilikuwa ya kumfanya mtu aende asikotaka. Kipyenga cha mganda kinafuatwa na watu waliokuja kwa hiari, walionunua soksi zao wenyewe. Cheo cha kapteni, ambacho serikali ya kikoloni haikumpa Mwafrika, kilitolewa na kijiji kwa aliyestahili machoni pa kijiji. Watawala wa Kiingereza hawakuzichukulia jumuiya za beni kuwa sifa kwao. Walizifuatilia kwa mashaka, wakihofu mtandao wa watu wenye vyeo, michango na nidhamu ambao hawakuuanzisha wao. Naamini waliona sawasawa. Mtu anayeweza kuuvaa ukubwa jioni na kuuvua usiku amekwisha kujua kwamba ukubwa ni vazi. Sijui somo la maonyesho lililo muhimu kuliko hilo, na mjukuu wako analo kwao. Lizombe nayo afundishwe, ndiyo. Aione ikichezwa, aulize kila hatua inaigiza nini na kwa ajili ya nani. Lakini usafi wa asili usiwe kipimo chetu, maana kwa kipimo hicho hata Shakespeare angefukuzwa: visa vyake vingi aliviazima kwa Waitalia, kwa Warumi na kwa waandishi wa tarehe. Mwalimu Nyerere naye, alipomtafsiri katika Julius Caezar mwaka 1963 (baadaye Juliasi Kaizari) na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, hakuwa anajidhalilisha. Alikuwa anaipima nguvu ya Kiswahili kwa mzigo mzito.

Sauti ya tatu ni ya mama, na huyu ananilazimisha nirekebishe hoja yangu.

"Kaka, umezungumza sana juu ya kaptula na vyeo. Siku ya mganda sisi tuko jikoni tangu alfajiri tukiwapikia wageni, kisha tunakuja kupiga vigelegele. Kama hapo ndipo somo linapoanzia, binti yangu atajifunza nini? Kwamba jukwaa ni la kaka zake?"

Dada yangu, huna kosa. Somo likianza na mganda peke yake litakuwa na kilema hicho, kwa hiyo lianze na mganda na kioda pamoja. Kioda ni ngoma ya wanawake wa ufukwe huu huu, nayo ina sare zake, viongozi wake na mashindano yake. Haikungoja ruhusa ya mganda. Pwani ya kaskazini tunao ushahidi ulioandikwa vizuri: Margaret Strobel, katika utafiti wake juu ya wanawake wa Mombasa uliochapishwa mwaka 1979, alieleza jinsi vyama vya ngoma ya lelemama vilivyoshindana kwa mavazi na nyimbo, na jinsi wanawake walivyopata humo uongozi na uwanja wa kusemea ya kwao. Wimbo una ruhusa ambayo hotuba haina. Anayesema jambo akiwa ndani ya ngoma amelindwa na ngoma yenyewe, na mlengwa akikasirika anajitambulisha mwenyewe.

Na ukitaka kujua nani hasa waliogeuza jambo hili kuwa elimu katika nchi hii, utawakuta wanawake mbele. Penina Muhando, aliyekuja kufahamika pia kama Penina Mlama, alikuwa ameshaandika Hatia mwaka 1972 alipoanza, pamoja na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kutoka na sanaa kwenda vijijini. Kazi ya Malya, wilayani Kwimba, mwaka 1982 hadi 1983, ndiyo ningependa kila mwalimu wa Ruvuma aijue. Hawakufika na tamthilia iliyokwisha andikwa. Waliwauliza watu tatizo linalowakera, na likatajwa: wasichana wa shule kupata mimba na kukatishwa masomo. Kisha vijana wakalibeba jambo hilo kwa ngoma za pale pale, kwa ngonjera, kwa igizo, na baada ya onyesho watu wakabaki uwanjani wakijadili walichokiona. Mwaka 1996 yeye na Amandina Lihamba wakaanzisha Tuseme, mradi uliowapa wasichana wa sekondari maonyesho kama njia ya kusema yanayowasibu shuleni. Angalia mpangilio wa kazi hizo: waliingia kwa mlango wa ngoma, wakatokea kwenye mazungumzo. Binti yako, akianzia kwenye kioda, anaanzia walipoanzia walimu hao.

Sauti ya mwisho ni ya kijana, na ni fupi.

"Braza, hayo yote sawa, lakini yamepita. Lami ya Mbinga hadi Mbamba Bay imefika, simu zimefika, filamu tunaangalia kiganjani. Mganda unachezwa akija kiongozi. Wa nini?"

Kijana wangu, sentensi yako ya mwisho kabla ya swali ndiyo kiini cha ugonjwa, na nakushukuru kuisema. Mganda ukichezwa kwa dakika chache mbele ya mgeni rasmi, ukakatwa ili ratiba isonge, umenyang'anywa mgogoro wake na mwamuzi wake. Hakuna kijiji cha pili. Hakuna anayeshindwa. Umati umegeuzwa mashahidi wa mapokezi. Katika hali hiyo hata mimi nisingeuita maonyesho kamili. Umebaki gwaride lile alilolitaja Mwalimu. Lakini sababu si simu. Simu haikuua shindano la kandanda. Watu bado hutembea maili kwenda kutazama timu ya kijiji chao, kwa kuwa matokeo hayajulikani na kelele zao zinahesabika. Filamu, hata iwe nzuri vipi, haikusikii. Wasanii wengi wa filamu zetu walipikwa na vikundi vya maigizo kama Kaole kabla kamera haijawafuata, na wanaolalamika kwamba uigizaji umedorora wangefanya vyema kuuliza vikundi vya namna hiyo vimekwenda wapi.

Tena historia ya karibu, na ya nyumbani kwenu, inaonyesha kwamba mtindo huu una uwezo wa kuishi mjini na kujaza kumbi. Kapteni John Komba, mtu wa Lituhi, aliyekuwa mbunge wa Mbinga Magharibi hadi alipofariki mwaka 2015, aliiongoza Tanzania One Theatre (TOT), iliyoundwa mwaka 1992, nchi ilipokuwa inarudi kwenye vyama vingi. Onyesho moja la TOT lilikusanya ngoma, kwaya, taarabu, vichekesho na igizo, na watu wa Dar es Salaam walijaa hasa lilipotangazwa pambano lake na kundi la Muungano. Kilikuwa chombo cha chama tawala, na nyimbo nyingi zilitungwa kwa kazi ya chama. Hilo ni dosari kwa sanaa, kwa maana msanii anayejua mapema nani lazima asifiwe amefungwa mkono mmoja. Lakini muundo wake, makundi mawili yanayopimana mbele ya umati wenye maoni, ni muundo wa uwanja wa ngoma, na ulifanya kazi kwa watu waliokuwa na redio, video na baadaye televisheni majumbani.

Mwalimu anarudi na swali la mwisho, na ni la haki: "Na mtihani? Wanafunzi wangu wana vitabu vya kusoma."

Basi tufanye kwa vitabu hivyo hivyo. Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe ya Edwin Semzaba imesomwa na vizazi vya wanafunzi wa sekondari, wengi wao wakitoka shuleni bila kuiona ikichezwa hata mara moja. Ni kisa cha karani wa sensa anayefika kijijini na makaratasi ya serikali, akavutwa na binti wa mwenyeji wake, na makaratasi yakaishia motoni. Kwenye karatasi mwanafunzi hukariri dhamira na kusahau swali la kwanza la mwigizaji: karani huyu anasimamaje? Anashikaje madaftari yake mbele ya wanakijiji siku ya kwanza, na anayashikaje siku mambo yamemharibikia? Waite wachezaji watatu wa mganda na watatu wa kioda waje darasani. Waonyeshe cheo kinavyokaa mabegani bila neno, kinavyoteremka, na mtazamaji anavyotambua kwamba kimeteremka. Kisha gawa darasa makundi mawili, kila moja liigize ujio wa Ngoswe kijijini, uwanjani, mchana kweupe, huku wazazi na wadogo zao wakitazama. Atakayeamua kundi lipi limeshinda asiwe mwalimu, wala mgeni rasmi. Wawe watu waliokuja kutazama, na kila atakayepiga kura aeleze aliona nini kilichomfanya aamini.